Mwongozo wa Kufuga Koleasi Ukambani

Kuna mimea inayolijua jua la Kitui na Makueni: pojo, mbaazi, mtama, mwembe. Koleasi, mmea wa mapambo wenye majani ya rangi, haimo. Asili yake ni kwenye kivuli na unyevu wa Asia ya Kusini-Mashariki, na Waingereza wa karne ya 19 walipoipapia waliilea kwenye nyumba za vioo. Wewe una mabati, vumbi na joto la Mutomo. Hata hivyo umeitamani, basi fuata hatua hizi.

1. Ijengee boma. Toboa mkebe wa Kasuku au jerikeni iliyopasuka, ujaze udongo, samadi ya mbuzi na mchanga kidogo. Weka kwenye veranda inayotazama mashariki, ipate jua hadi saa nne asubuhi, kisha kivuli. Jua kali litaibabua majani. Kivuli kizito kitafifisha rangi hadi ubaki na mboga isiyolika. Iinue juu, mbuzi hana habari na urembo.

2. Usinunue, sifu. Siku ya chama, kagua veranda ya mwenyeji kabla ya kukagua daftari la michango. Yasifu maua yake, ndipo uulizie watoto. Ukipewa kitawi, kikate chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, kitie kwenye gilasi ya maji. Katika wiki mbili hivi kitakuwa na mizizi, na rangi itakuwa ileile ya mama yake: damu ya mzee yenye ukingo wa ndimu. Mbegu ni bahati nasibu. Pakiti moja itakupa zambarau, waridi, manjano, na mmoja wa rangi ya chai ya maziwa ambao hakuna atakayeuulizia. Usizifukie, zinahitaji mwanga ili ziote.

3. Usimwambie punda. Septemba, Mto Tiva ni mchanga mtupu. Watu huchimba humo, maji huchotwa kwa kata, na punda hupanda mlima na jerikeni za lita 20. Asijue kwamba kikombe kimoja ni cha mmea usiozaa, usioliwa wala kutoa kivuli. Tumia maji yaliyooshewa mchele. Saa saba mchana koleasi italegea kama mwombolezaji wa kukodi. Usitishike. Jua likipoa ipe kikombe, na wakati wa chakula cha jioni itakuwa imesimama. Ila ikilegea udongo ukiwa umelowa, acha maji: mizizi inaoza, na hapo msiba ni wa kweli.

4. Nyofoa maua. Bana vichwa vya matawi ili mmea utanuke, na vikonyo vya maua ya zambarau uvikate mapema, maana ukishachanua huchoka. Wageni watashangaa kuona mpenda maua akiyakata. Waonyeshe majani.

5. Tambulisha ukoo. Mwaka 2019 wataalamu wa mimea walipanga upya jamaa hii, wakaingiza katika jenasi ya koleasi, Coleus, mmea unaojulikana sana Kenya: majani mapana yenye manyoya, maua ya buluu. Wakikuyu huuita maigoya. Umekuwa uzio, umeivisha ndizi, na kabla ya karatasi kufika ulifanya kazi chooni bila malalamiko. Haujawahi kuomba kikombe. Mgeni akimaliza kustaajabia veranda, mpeleke nyuma ya choo akamwamkie binamu.

6. Gawa iliyo bora. Ukame utakuja, na koleasi iliyo katika boma moja tu imekwisha kufa, inangoja tarehe. Jirani anayerudi kuomba kitawi ndiye ghala lako: mvua ya Oktoba ikirudi, utapiga hodi kwake na gilasi mkononi. Kwa hiyo mpe ile yenye ukingo wa ndimu. Ukimpa ya rangi ya chai, ndiyo utakayorudishiwa.