Sifa za Mluzi Usiolala

Wafugaji husifu ng'ombe, na hapa Sengerema tuna watu wanaoweza kumsifu sato mpaka ukasikia mafuta yakichemka. Mimi sina ng'ombe, nina mluzi. Umo ndani ya sikio la kushoto, na siku za baraka ndani ya yote mawili. Unasema nyiii, na tangu uanze haujawahi kuvuta pumzi. Sijamsikia mtu akiusifu hata siku moja, nami naona ni dhuluma.

Tulikutana usiku wa harusi. Mimi ni fundi mitambo: nafunga spika, navuta nyaya, nakaa kwenye miksa hadi bibi harusi achoke. Usiku ule niliegemea spika ya besi kwa saa sita, kifua kikitikisika kama nimesimama ndani ya mashine ya kusaga, na mshereheshaji bado anadai watu wa nyuma hawasikii. Saa tisa usiku nikawa nyumbani. Naingia kwenye chandarua, nasikia mbu. Nikawasha tochi ya simu, nikapekua kona zote nne, nikapiga makofi hewani. Mke wangu akageuka. "Mbu gani, wewe baba? Mbona mimi sisikii?" Nikaziba masikio kwa vidole ili nimpoteze. Mbu akaongeza sauti.

Basi tuanze na uaminifu. Waalikwa walitawanyika, kamati ikatawanyika, na nusu ya malipo yangu ikatawanyika nayo. Mluzi peke yake ndio ulionisindikiza hadi kitandani.

Halafu kuna heshima. Watemi wa Usukuma walikuwa na ngoma zao za utawala. Ukienda makumbusho ya Bujora utaziona, zimetulia. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Mimi sikuwahi kutawala hata banda la kuku, lakini ngoma yangu inalia usiku na mchana na hakuna sheria iliyoifuta. Na wazee husema sikio likilia, kuna mtu anakusema. Hesabu mwenyewe: miaka mitatu nasemwa bila kupumzika, wakati wa kula na wakati wa kulala. Mbunge gani amefikia hapo?

Hata huko Ulaya upo mluzi uliopewa nafasi yake. Bedřich Smetana, mtunzi wa Kicheki, masikio yalipomharibikia aliuingiza wake kwenye muziki wa ala za nyuzi alioutunga mwaka 1876: noti moja ya juu, kali, inayokatiza wimbo ghafla. Mimi wangu nimeutungia makala haya, nao haujanishukuru.

Elimu je? Bila mluzi nisingejua kwamba ndani ya kila sikio kuna seli za vinywele zipatazo 15,000, na kwamba za binadamu zikifa hazioti tena. Za kuku huota. Yaani yule jogoo aliyeliwa harusini alikuwa na masikio bora kuliko fundi wa harusi. Daktari niliyemwendea alinipa na hesabu: sauti ya desibeli 85 sikio huistahimili saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 umebakiwa na robo saa. Mimi nilikaa saa sita, tena nikiomba soda.

Alipofika kwenye ubongo akaanza kunieleza taratibu, kumbe hapo ndipo nilipomwelewa upesi. Waya ukikatika jukwaani, fundi asiyejua kazi hupandisha sauti ya laini hiyo akitafuta muziki, anachopata ni mvumo wa mitambo yenyewe. Ubongo wangu ni fundi wa namna hiyo. Na kwa kuwa ameshapandisha, kijiko kikiangukia sahani ya bati mimi naruka kama nimepigwa fimbo. Honi ya bodaboda inaniingia hadi kwenye meno. Faida yake ni kwamba nyumbani kwangu siku hizi sufuria hushushwa kwa adabu kama mtoto aliyelala.

Nakiri kuna wakati niliukosea adabu mgeni wangu. Shangazi alinitilia mafuta ya kitunguu saumu. Mluzi ukabaki, sikio likanuka mboga. Nikashinda na pamba masikioni mwezi mzima, ndani na nje, hadi mlango ukifungwa tu nauona ni bomu. Daktari akaichukua ile pamba mkononi mwangu. Vizibo, alisema, ni vya kazini kwenye spika. Ukiziba sikio kwenye ukimya, unalinyima sauti na lenyewe linazidi kuzitafuta. Dawa ya kuufukuza hana. Unachoweza ni kuupa sauti nyingine ndogo ya kukaa nayo.

Na hapo ndipo nilipogundua nimepoteza kitu. Kivuko cha Kigongo–Busisi kilikuwa na injini inayonguruma chini chini, na nikisimama karibu na ukingo, maji yakipiga ubavuni, mluzi ulikuwa unazama kabisa. Foleni ya kivuko wote tuliilaani. Juni 19, 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3, nami nilishangilia pamoja na wenzangu wa Sengerema. Sasa tunavuka kwa dakika chache, basi limefunga vioo, na abiria mmoja asiyekata tiketi anaimba njia nzima.

Kwa hiyo usiku naweka redio ndogo kando ya mto wa kulalia, naisogeza katikati ya stesheni mbili mpaka itoe ule mchakacho kama mawimbi kwenye mchanga. Naishusha hadi iwe chini kidogo ya mluzi. Ukiizidisha unaanzisha harusi nyingine. Mke wangu kaizoea. Siku hizi nikisahau kuiwasha ananigusa bega.

Saa kumi alfajiri betri zinakwisha. Nyiii. Unanisalimia asubuhi kwa Kisukuma: mwangaluka.