Mguu Wangu, Mali ya Nyumba Nzima

Wewe mwenzangu unayeishi na mke, watoto na mama mkwe chini ya paa moja, hili utalielewa upesi: ukiumia ndani ya nyumba yetu, kiungo kilichoumia si chako tena. Jamaa wanakichukua, wanakijadili, wanakitolea uamuzi, nawe mwenye nacho unaambiwa kaa hapo, tulia. Mimi nimechomwa na mwiba wa mgunga kwenye wayo wa mguu wa kulia, chini kidogo ya kidole gumba, nikijiandaa kwa mbio za Lewa. Jeraha lenyewe huwezi kuliona bila kuonyeshwa lilipo. Kikao chake hakijafungwa mpaka leo.

Lewa ni hifadhi ya wanyama, ukishatoka kwetu Habaswein ukapita Modogashe na Isiolo, upande wa Mlima Kenya. Mbio zake zilianza mwaka 2000, na huandaliwa mwezi Juni. Watu hukimbia kwenye njia za vumbi humo humo hifadhini, askari wa wanyamapori wakihakikisha simba na vifaru hawasogei. Wa kilomita 42 huzunguka mara mbili, wa 21 mara moja. Mimi nilikuwa nautaka mzunguko wa pili.

Tamaa hiyo ilinipata Agosti 2021, usiku wa marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, ambayo wanaume waliikimbilia Sapporo kwa kukwepa joto. Huku kwetu ilikuwa saa saba za usiku. Nyumba iligawanyika. Mke wangu, Mama Hamdi, alikuwa na Kipchoge, na baada ya Kipchoge, Mkenya yeyote. Shemeji yangu, dereva wa lori tunayemwita Dheere kwa sababu ya urefu wake, alikuwa na Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji, vijana wawili waliozaliwa Mogadishu. Kipchoge alikwenda zake peke yake, akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 38. Vita ikabaki ya nafasi ya pili na ya tatu. Mita za mwisho, Nageeye akageuka na kumpungia Bashir mkono: njoo, njoo! Akatwaa fedha, Bashir akamfuata kwa sekunde mbili akatwaa shaba, na Lawrence Cherono wetu akaachwa wa nne kwa sekunde mbili nyingine. Dheere alipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakaamka. Ayeyo, mama mkwe wangu, ambaye tulidhani amelala, alisema kutoka kwenye mkeka wake, "Huyo aliyegeuka, huyo ndiye ndugu." Mama Hamdi alinuna kwa ajili ya Cherono, na chai ya asubuhi ilichelewa. Mimi nilikuwa nimeshaamua kukimbia.

Kukimbia Habaswein kuna kazi yake. Ukikosa kutoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, jua linakukuta njiani, na mchanga unakula nguvu ya goti kabla hujayaacha nyuma matanki ya maji. Halafu kuna watu. Mtu mzima akionekana anakimbia, mji mzima unataka kujua kuna nini. Mwenye boda boda anasimama: "Panda mzee, nani mgonjwa?" Wazee wanaotoka msikitini wanakuombea dua. Ayeyo msimamo wake haujabadilika tangu mwanzo: mtu mzima hukimbia akiwa na fisi nyuma au mvua mbele, na siku hizi hata mvua ni adimu.

Basi asubuhi ile nikapita karibu na boma la mbuzi, mahali wanapokata matawi ya mgunga kuzungushia ua. Tawi moja lilikuwa limefunikwa na mchanga. Mwiba ulipenya soli ya kiatu, ile laini ya kukimbilia, ukaingia wayoni. Nilipouvuta ulitoka mweupe, mrefu kama kidole cha mtoto, lakini ncha yake haikuwepo. Ilikuwa imebaki kwangu.

Nilifika nyumbani nikirukaruka kwa mguu mmoja. Mama Hamdi alinitazama na kusema, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Na kabla hajamaliza methali, alikuwa ameshaleta beseni, chumvi na maji ya moto. Huyo ndiye mke wangu, na sibadilishi.

Kikao kikaanza. Hamdi, aliye sekondari, alisoma kwenye simu magonjwa yote yanayoanzia mguuni, la mwisho baya kuliko la kwanza. Dheere alileta koleo la lori pamoja na mafuta ya nundu ya ngamia. Mdogo wake Hamdi, ambaye tunamwita Injinia kwa sababu hakuna redio aliyoiacha nzima, alishika tochi akanimulika machoni. Na Ayeyo, ambaye watoto wamempa cheo cha Waziri wa Afya, alikuja na manemane yake kwenye kitambaa, akaagiza wote wanyamaze. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Aliushika mguu, akabonyeza kwa dole gumba polepole, kuanzia kisigino kwenda mbele, bila kuniuliza kitu. Akasimama mahali. "Hapa." Mama Hamdi akapitisha sindano kwenye moto, akachokonoa ngozi kidogo, na ncha ikatoka, nyeusi, ndogo kuliko punje ya mtama. Injinia akaitaka aiweke kwenye chupa. Akapewa.

Nilidhani yameisha. Mama Hamdi akasema hospitali, sindano ya pepopunda, leo hii. Na alikuwa sahihi kabisa. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na mji wetu umekanyagwa na mbuzi na ngamia kila pembe. Tundu la mwiba ni jembamba na refu: juu linafunga mapema, chini kunabaki uchafu, na hapo ndipo hatari ilipo. Daktari alinichanja, akaniambia nipumzike mpaka nitakapokanyaga bila maumivu, na uvimbe ukigoma kuisha nirudi, kwa kuwa kipande cha mwiba kikibaki ndani mara nyingi hakionekani kwenye eksirei.

Kisha likaja jina. Sisi Wasomali mtu humwita kwa kilicho mwilini mwake, wala hakuna anayekasirika. Injinia ndiye aliyeanza kuniita Langare, kwa vile nilikuwa nachechemea. Kufikia Ijumaa hata wenye boda boda walikuwa nalo. Mguu umepona, jina halijapona.

Sasa mipango yote iko mikononi mwao. Viatu vyangu vya kukimbilia viko chini ya kitanda cha Ayeyo. Yeye anataka nivae akala, na kwa mwiba hoja yake ina uzito, maana soli ya tairi si rahisi kupenyeka. Mama Hamdi ameamua ni kilomita 21, si 42. Dheere ametangaza kwamba Juni atatupeleka wote na lori. Nimekubali yote matatu.

Nawe ukichomwa, hakikisha mwiba umetoka wote. Osha kwa sabuni na maji safi, nenda ukachanjwe pepopunda kama hujachanjwa karibuni, na usirudi barabarani mguu ukiwa bado unauma. Na kama umejaliwa kuwa na Ayeyo ndani ya nyumba, mpe mguu aushike. Atapajua panapouma kabla hujamwambia.