Jangwa Juu ya Meza

Hii ni wiki ya saba familia yangu inakula mkekani, sahani mapajani, kwa sababu mezani pana jangwa.

Jangwa ni langu. Lina urefu wa sentimita 90 na upana wa 60, limekalia plaiwudi ya nusu inchi, na mchanga wake ni unga wa mninga uliotoka kwenye msumeno, nikauchekecha kwa chekeche la mama watoto. Ugomvi ulianzia kwenye hilo chekeche. Meza ilikuja kuunganishwa kwenye kesi baadaye.

Chanzo ni filamu, *Pumzi* ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009. Ni fupi, dakika ishirini na ushee tu, maharage hayajaiva umeshaimaliza. Imepita miaka 35 tangu vita vya tatu vya dunia, vita vya maji, na watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya mji uliofungwa kama kopo la maziwa. Jasho na mkojo vinachujwa, vinanywewa tena. Ndoto zinazimwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anatumiwa udongo na mtu asiyejitaja, anaotesha mbegu, ananyimwa ruhusa ya kutoka nje, anatoroka na mche wake kwenda jangwani. Binti yangu alilia. Mimi nikasema, tena mbele ya mashahidi, "Hii hata mimi naitengeneza kwa mbao."

Mdomo huu utaniua.

Nikaenda Keko na mchoro wangu. Fundi aliugeuza juu chini, akaurudisha, akausogeza mwangani.

"Banda zuri, mzee. Kuku wangapi?"

Nikamweleza kwamba ule ni mji wa miaka ijayo.

"Sawa. Lakini tundu za kutagia hujaweka."

Akaniuzia mbao za msonobari za Mafinga, zilizonyooka kama rula pale pale dukani kwake. Zilipofika kwangu zikalala usiku mmoja wa mvua, asubuhi zimejikunja kama samaki mkavu. Nilizipiga randa siku mbili. Maranda yalijaa uani hadi mlangoni, mama watoto akayazoa kwa gunia akayatandaza bandani kwa kuku wake. Mpaka leo hiyo ndiyo faida pekee ya mradi huu anayoikubali.

Asha mwenyewe niliamua awe wa mpingo. Nilienda Mwenge kwa wachonga vinyago kuomba kipande, mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Unachonga ujamaa au shetani?"

"Mtunza makumbusho."

Akanitazama kwa muda, kisha akanipa kipande bure, nadhani kwa huruma. Skeli yangu ni moja kwa ishirini na tano, kwa hiyo Asha ana sentimita sita na nusu tu, toka unyayoni hadi utosini. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na ugumu wake sina la kusema. Patasi yangu ya kwanza ilikatika ncha. Ya pili ilibutuka nikiwa bado natafuta bega. Pua niliipata kwa bahati mbaya, patasi iliteleza. Asha wangu ana shingo ndefu, mkono mmoja mnene kuliko mwingine, na uso wa mtu aliyekatwa mshahara. Mwanangu wa kiume alimwangalia akauliza kwa nini babu amewekwa jangwani.

Halafu maji yakakatika mtaani. Siku ya nne niko kibarazani, nimechutama, jasho linanitiririka, natoboa vitundu vya mfereji wa kuchujia jasho la watu wasiokuwepo. Mama watoto akaingia na dumu la lita 20 mkononi na jingine kichwani. Akayatua. Akaangalia mji wangu.

"Baba Nuru, hawa watu wako shida yao nini?"

"Hawana maji."

Hakunijibu. Aliyanyanyua madumu yake akapita, na mimi nikaona si wakati wa kumweleza habari ya skeli.

Lakini yote hayo, mbao za kupinda, patasi, dharau za Keko, hayafikii mche. Jangwa zima na mji mzima vimejengwa kwa ajili ya huo mche, nao kwa skeli yangu ni sentimita moja. Shina nilitoa kwenye kijiti cha kuchokonolea meno, nikalikwangua kwa wembe mpaka likawa kama mswaki wa sisimizi. Majani mawili, kila moja nusu ya punje ya mchele. Jani la kwanza liliruka, sikuliona tena. Nikachonga jingine. La tatu lilinata kwenye kidole gumba badala ya kwenye shina, na gundi ile ikinata imenata. Siku tisa. Usiku wa Jumamosi mche ukasimama, nikaupaka rangi ya kijani kwa unywele wa brashi, nikauweka ukingoni mwa meza ukauke, nikalala kama mtu aliyelipa deni.

Jumapili asubuhi nikakuta sakafu imefagiwa, na ukingo wa meza unang'aa.

"Takataka za mezani uliziweka wapi?"

"Maranda? Si kwa kuku."

Kwa hiyo sasa hivi nipo bandani, magotini, natumia chekeche lile lile. Jirani ameegemea ukuta.

"Umepoteza pete, shemeji?"

"Mti."

Amekaa kimya kidogo. "Mkubwa?"

Kwenye kona tetea mwekundu ameinamisha kichwa, ameng'ata kitu cha kijani, na mimi nimebakiwa na hatua mbili.