Simu ya Milioni kwa Laki na Nusu: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Lushoto

Kwanza chagua saa. Tangazo la simu lisomwe saa nne usiku, baridi ya Lushoto ikiwa imekaza, wewe uko ndani ya blanketi mbili na bando linakaribia kuisha. Asubuhi haifai. Asubuhi mtu huwa na akili.

Ukiona simu ambayo madukani haishuki milioni inatolewa kwa laki na nusu, na chini yake pameandikwa "ofa inaisha leo", usijiulize duka la Kariakoo limekosaje wateja palepale Kariakoo hadi likutafute wewe Irente. Uliza bei, uambiwe "njoo inbox", nawe nenda, kwani huko hakuna shahidi. Ukikuta sehemu ya maoni imefungwa, shukuru: hilo ni duka linalopenda utulivu.

Hapa naomba wakulima wa Lukozi wanisikilize vizuri, maana kwao kazi ni ngumu zaidi. Nyinyi hubishana na dalali nusu siku kwa gunia moja la viazi: hii ni lumbesa, punguza, shusha, pima upya. Gunia mnalisoma kwa jicho tu. Tabia hiyo iacheni kulekule sokoni. Mwenye tangazo hamjawahi kumwona uso wala mlango wa duka, kwa hiyo mlipeni yote, tena mapema.

Utapewa namba. Kabla hujaingiza namba ya siri, simu itakuonyesha jina la mpokeaji, na halitafanana hata kidogo na jina la duka. Ukiuliza utaambiwa huyo ni mhasibu. Amini. Mimi niliamini, na muuzaji wangu alikuwa na wahasibu wawili kwa siku moja: wa kupokea hela ya simu, na wa kupokea hela ya "usafiri na bima ya mzigo".

Kisha utatumiwa picha ya stakabadhi yenye jina lako, limeandikwa vizuri kuliko kwenye cheti chako cha ubatizo. Wahi stendi. Basi likishamaliza kona za kutoka Mombo na kupita Soni, kondakta atakupekulia buti kwa moyo mweupe: godoro lipo, cherehani ipo, simu haipo. Piga namba ya duka, uongee na yule dada anayesema haipatikani.

Nisiwavunje moyo, wapo wanaopokea. Simu inafika imeandikwa GB 512, ikapiga picha chache za miti ya mapeasi ikalalamika imejaa, kwa sababu yale maandishi yalipachikwa tu na nafasi yenyewe ni kijisehemu. Mwenye simu ya namna hiyo asibonyeze *#06#. Zitatokea tarakimu 15, na akizituma kwenda 15090 ataambiwa simu yake ni ya aina gani hasa, jambo ambalo litamharibia usingizi. Usiku wa 16 Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na wengine waliamka wakiwa na tochi yenye saa.

Mkwepe pia muuza simu wa pale mjini. Bei yake iko juu kidogo, halafu ana kasoro kubwa: anakuacha uiwashe simu, uipigie na uisikilize kabla hujatoa hata senti, na kesho yake ukirudi na malalamiko unamkuta kwenye kiti kilekile.

Ukishapigwa, nyamaza. Ukituma namba ya tapeli kwenda 15040 utamharibia mtu riziki, na bado ana wateja Mlalo na Mtae hajawafikia.

Nimechungulia ule ukurasa asubuhi hii. Ofa bado inaisha leo.