Nafundishwa Kujisifu

Seattle, Oktoba

Mjomba, Shangazi, na wote mnaokaa hapo barazani Ngamiani, Tanga,

Habari kubwa ni kwamba nimeitwa kwenye usaili. Kampuni ni kubwa, ina maghala katika majimbo mengi, na jina lake nalihifadhi mpaka nitie saini, maana nawajua: nikilitaja leo, kesho watu wa Raskazoni watanipigia kunipa pole ya kufukuzwa.

Kazi yenyewe ni kusimamia mizigo ghalani. Mshahara umeandikwa kwenye tangazo, kuanzia kiasi fulani hadi kiasi fulani, kwa sababu katika jimbo hili la Washington, tangu Januari 2023, kampuni yenye wafanyakazi 15 au zaidi inalazimishwa na sheria kuutaja. Shangazi, kiasi chenyewe sikiandiki hapa. Najua kabla sijakipata utakuwa umeshakigawa.

Mjomba aliniuliza kwenye simu, "Pale ndani unamjua nani?" Nikacheka, nikamwambia huku mambo yanakwenda kwa haki. Kumbe Mjomba, ambaye hajawahi kuvuka Chalinze, ndiye anayeijua Marekani. Kampuni nyingi kubwa za huku humpa mfanyakazi zawadi ya fedha akileta mtu akaajiriwa, na mwombaji aliyeshikwa mkono na mtu wa ndani ana nafasi nzuri kuliko mpita njia. Tofauti ni moja tu: huku kujuana kuna fomu yake. Kijana mmoja ninayesali naye Ijumaa alinijazia.

Basi nikabaki na maandalizi. Mwalimu wangu ni jirani, Mkenya, mama wa Kakamega, muuguzi, ambaye amepita kwenye saili nyingi huku na hana huruma. Alianza na wasifu wangu wa Tanga, ule wenye picha ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, dini na hali ya ndoa. Akavifuta vyote. Sheria ya huku ya mwaka 1964 inakataza kumbagua mtu kazini kwa rangi, dini, jinsia au asili yake, na ya mwaka 1967 inamlinda aliyefikisha miaka 40, kwa hiyo kampuni haitaki hata kuyaona mambo hayo, isije ikaambiwa iliyatumia. Shangazi, ule ushauri wako wa kuwatajia watoto ili wanionee huruma hauna pa kukaa.

Halafu akaisoma barua yangu ya maombi. Nilikuwa nimeiandika kwa adabu zote: Yah, husika na kichwa cha habari hapo juu, nipo tayari kupangiwa kituo chochote, wako katika ujenzi wa taifa. Yote kwa Kiingereza safi. Akavua miwani.

"Taifa gani hilo unawajengea?"

Nikanyamaza.

"Hawa walianza kujenga yao 1776. Wacha kuwasumbua."

Makao makuu ya Amazon yako hapa hapa Seattle. Si wao niliowaomba kazi, lakini jirani anasema kampuni kubwa siku hizi zinauliza maswali ya ukoo mmoja, hivyo ananifundishia kwa kanuni zao za uongozi. Zilikuwa 14, mwaka 2021 wakaongeza mbili, na kwa kila kanuni anataka niwe na kisa changu cha kweli. Ya kwanza ni kumhangaikia mteja kuliko kitu chochote. Nikamweleza kwamba Tanga mteja ukimhangaikia sana anageuka mkopaji. Hakuandika.

Miongoni mwa wasaili wao huwamo mmoja kutoka idara nyingine kabisa, asiye na haraka ya kujaza nafasi. Kazi yake ni kulinda kiwango, na akikataa, wenzake hawapiti juu yake. Katika posa za ukoo wetu cheo hicho anacho Shangazi. Katika mazoezi yangu anacho mama wa Kakamega.

Kisa chenyewe lazima kipande ngazi nne: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini, matokeo yakawa nini. Dakika mbili, tatu, umemaliza. Hapo barazani hakuna hata mmoja angefaulu, maana tungekuwa bado tunabishana ni mwaka gani na nani alikuwa mkuu wa mkoa. Nikachagua kisa cha bandarini, enzi zile meli zinatia nanga mbali kwa uhaba wa kina, mizigo inakwenda na kurudi kwa matishari. Marobota ya mkonge yamejaa ghalani, meli inasubiri, boti ya kuvuta matishari imekufa injini.

"Tukakaa, tukashauriana," nikaanza.

"Nani?"

"Sisi."

"Hao sisi wameitwa kwenye usaili?"

Akaweka kopo la maziwa mezani. Kila nikisema "tuli" natia robo dola. Ndugu zangu, nimelilisha kopo lile kuliko ninavyowatumia nyinyi. Nikamuuliza: na vijana wa kupakia je? Na mzee wa gati aliyepanga upya foleni ya malori? Na yule fundi wa Pongwe aliyekuja usiku na spana zake, akalipwa chai?

"Hao watasema kwenye usaili wao."

Na ndivyo nilivyokuwa jambazi wa sifa za watu. Sasa nasema niliitambua hatari, niliitisha kikao, nilimtafuta fundi, niliyapanga upya malori. Kila "nili" naona sura ya mwenyewe. Mimi nimelelewa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huku natakiwa nijitembeze mpaka viatu vitoboke. Hata matokeo hayakumtosha.

"Meli iliondoka," nikasema kwa fahari.

"Mapema kwa asilimia ngapi?"

"Iliondoka, dada! Ilikuwa hapa, sasa haipo!"

Swali lililonitoa jasho ni la kueleza siku niliyotofautiana na bosi. Mjomba, wewe umezeekea bandarini, ulitofautiana na bosi mara ngapi? Kila siku. Ulisema "sawa bosi", ukatoka, ukafanya unavyojua, jioni akapita akasifu kazi yake. Kanuni ya Amazon inataka ubishe waziwazi kwa heshima, na uamuzi ukishatolewa uufuate kwa moyo wote. Sisi tunaanzia mwisho: tunakubali kwanza, ubishi unakuja baadaye na hauna sauti.

Usaili ni wa video. Kumtazama mkubwa machoni mlinikataza kwa kofi. Huku ukitazama chini wanadhani umeficha kitu. Tena macho yenyewe huyatazami. Unatazama tundu la kamera, ndipo mwenzako aone unamtazama. Nimebandika kikaratasi kando ya tundu nisipotee. Ukuta una alama za unyevu, nikaufunika kwa kanga ile aliyonipa Shangazi siku ya safari. Mke wangu akapita, akaisoma kwa sauti: "Mtasema mchana, usiku mtalala." Tumeigeuza nyuma mbele, ila mke wangu anasema bado inasomeka.

Ni Alhamisi saa nne asubuhi ya huku, kwenu saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari. Naomba saa hiyo mtu yeyote asinipigie kwa video kunionyesha mbuzi.

Mjomba, la mwisho ni lako. Nimekuandika kuwa mdhamini, kwa kuwa ulikuwa msimamizi wangu gatini. Namba ngeni ikiingia, inayoanza na +1, usiikate ukadhani ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ongea nao polepole. Kiingereza chako cha mabaharia kinatosha. Ila nakuomba sana, usiwaambie kwamba nilikuwa kijana mtulivu, mpole, asiye na makuu. Hapo utakuwa umenichongea. Waambie nilikuwa msumbufu kidogo. Na wakikuuliza nani aliyempata yule fundi wa Pongwe usiku ule, najua ni wewe, Mjomba, lakini kwa Alhamisi hii tu, niachie.