Jinsi ya Kufika Rironi Mkiwa Bado Familia

Ukimuuliza Mnairobi asiye na watoto Kakamega ni umbali gani, atakujibu kilomita 400 hivi, saa saba au nane ukikanyaga vizuri. Mwenye watoto watatu walio chini ya miaka minane hawezi kukupa jibu la kipuuzi kama hilo. Yeye anajua kwamba safari ya kwenda ocha, yaani kijijini, Desemba ni zile kilomita thelathini na kitu kutoka katikati ya mji hadi Rironi. Kutoka Rironi kwenda mbele ni kuendesha gari tu: watoto wamelala, mwenzako amenuna, redio inakoroma, na barabara ni yako na malori. Kwa hivyo mwongozo huu utakufikisha Rironi. Ya Salgaa na Timboroa utajisimamia.

Kwanza, saa ya kuondoka. Watangazie watu wote kwamba mnatoka saa kumi alfajiri. Tangazo hili lina umuhimu wake, kwani bila hilo hamtaweza kutoka saa nne asubuhi. Walaze watoto na nguo za safari, soksi miguuni, ili wabebwe wakiwa usingizini na kuwekwa garini kimyakimya. Wataamka saa nane usiku wakitaka kujua kama hapa ndipo kwa Kukhu, nyanya yao. Watarukaruka kitandani hadi saa kumi na moja, kisha wapitiwe na usingizi mzito wakati ule ule unapoanza kupakia gari.

Kuhusu mizigo, ocha haiendwi mikono mitupu. Beba bale la unga, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, sabuni ya mche, mchele wa Mwea, na mikate ya kutosha, maana mkate uliotoka Nairobi una heshima yake ukifika kijijini hata kama duka la pale njia panda linauza mkate ule ule. Kuna wanaoshauri mikate ipakiwe mwisho, juu ya kila kitu. Usijisumbue. Mkate unajua njia ya kwenda kukaa chini ya mtoto. Utakapotolewa jioni utakuwa na unene wa daftari upande mmoja na alama ya kifungo cha kaptura upande wa pili, na Kukhu ataukata hivyo hivyo, aupake siagi na kuwagawia majirani bila kuuliza lolote.

Kiti cha mtoto kitakula nafasi ya bale zima, na shemeji atakukumbusha kwamba sisi tulisafirishwa kwenye buti na tukafika. Mwache aseme. Abiria asiyefunga mkanda hutozwa shilingi 500 kwa kanuni za 2016, lakini usikifunge kiti kwa kuogopa hizo mia tano. Kifunge kwa sababu hapa sitanii. Unga unauzwa hata Kakamega.

Ukitokea Buruburu au South B, lazima upite mjini. Ukitokea Lavington au Kawangware hulazimiki, ila utapita, kwa sababu kuna shangazi wa kuchukuliwa. Atakuwa amesema, “Niko hapa tu Archives.” Mbele ya jengo lile la Makavazi ya Kitaifa, wiki ya Krismasi, husimama nusu ya Kenya, kila mtu na begi la mistari miguuni, na kila mtu ni shangazi wa mtu. Zungukeni Moi Avenue na Tom Mboya Street mpaka mmwone. Katika mzunguko wa pili, mtoto wa kati ataiona sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa 2011, na wale flamingo walio miguuni pake. Kwenye kitabu chake cha shule flamingo wanakaa Nakuru, basi atatangaza kwa furaha kwamba tumefika Nakuru. Usimsahihishe. Hakuna mwingine atakayefurahi garini siku hiyo kwamba mmefika mahali mapema.

Ukianza kujutia kwamba hukuwapandisha basi, tupa jicho upande wa River Road. Nauli imepanda, makanga anaapa kwamba kiti ni kimoja tu kilichobaki, na kuna mama anayejiandaa kupakata mtoto kutoka hapo hadi Bungoma. Utapata nguvu ya kuzunguka mara ya tatu.

Mkiingia Uhuru Highway, juu ya vichwa vyenu kutakuwa na ile barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Watoto watauliza kwa nini wale wa juu wanakwenda na sisi wa chini tumesimama. Jibu la kweli ni pesa. Jibu la mzazi ni kwamba ile ni ya watu wanaokwenda uwanja wa ndege. Vyovyote vile inakomea Westlands, yaani inamtua msafiri pale pale taabu yetu inapoanzia.

Chakula cha njiani, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga na mandazi, kimepangwa kuliwa Nakuru. Kitaliwa Museum Hill.

Usisafiri peke yako. Safiri kwa msafara: Noah ya kaka mkubwa, gari lako, na Probox ya shemeji iliyobeba kitanda, baiskeli na cherehani. Fungueni kundi la WhatsApp lenye jina la kutia moyo, mkubaliane kukutana kwenye kituo cha mafuta Westlands saa kumi na mbili kamili. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na kenge wenu ni yule atakayeandika “tumeshatoka, tuko njiani” akiwa Kawangware na taulo kiunoni.

Mkishakutana, watoto watataka kubadilishana magari. Wa kaka watahamia kwako kwa sababu una katuni. Wa kwako atahamia kwa shemeji kwa sababu kule kuna baiskeli. Kitinda mimba atalia kwa sababu hajui analilia gari gani. Kabla ya kuondoka hesabu vichwa, na idadi ikitimia usishangilie, tazama nyuso. Kukhu anawajua wajukuu wake, na yule wa jirani aliyepanda kuja kuaga hayumo.

Kutoka Westlands kwenda Kangemi mwendo ni wa miguu, na wachuuzi wanatembea kwa miguu, kwa hiyo mtakuwa pamoja kwa muda mrefu. Mchuuzi wa Waiyaki Way ana kipaji: anamwona mtoto kupitia kioo cheusi. Ataleta maputo, karanga, miwani ya jua na kofia nyekundu za Krismasi, na hataongea na wewe hata kidogo. Ataongea na kiti cha nyuma. Sema kwa sauti thabiti kwamba leo hatununui kitu. Kisha nunua kofia mbili, kwa sababu una watoto watatu na ulitaka kuokoa pesa. Ile ya tatu utainunua mita hamsini mbele kwa bei ya juu zaidi, kwa mchuuzi yule yule, ambaye hakuwa na haja ya kukimbia. Alitembea tu kando ya gari akisubiri vilio vikomae.

Na kile kilicholiwa Museum Hill kitarudi Kangemi.

Hapa wazazi wetu walituzidi. Wao walikuwa na juala la plastiki. Mtoto akitapika, juala linafungwa fundo na dirisha linafunguliwa. Yaliyofuata yalikuwa shauri la Mungu na la aliyekuwa akitembea kando ya barabara. Tangu Agosti 2017 juala ni marufuku Kenya, na ukipatikana ukiliuza au ukilitengeneza faini inaweza kufika shilingi milioni nne, au kifungo cha miaka minne. Mimi naiunga mkono sheria hiyo, na ng'ombe wa Kikuyu na mitaro ya Nairobi wanaiunga mkono pia. Ila hakuna aliyemfikiria mtoto wa kiti cha nyuma. Mfuko wa kitambaa uliochukua nafasi ya juala una vitundu ambavyo huvioni dukani. Utaviona Kangemi. Mwenzako ameushika juu ya mapaja yake, kona ya chini inaanza kubadilika rangi, tone la kwanza linajikusanya, linaning'inia, linaamua. Ataomba leso. Leso imekaliwa na yule aliyekalia mkate.

Beba kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia, tupu, lenye kifuniko kinachobana. Liwekwe karibu na mguu wa abiria wa mbele, wala si kwenye buti chini ya cherehani. Kati ya mambo yote niliyoyataja, kopo hili ndilo pekee ninaloweza kulidhamini.

Kangemi ina mtihani mwingine. Mabasi mengi ya Magharibi hupakia hapo, na wakazi wengi wametoka huko huko mnakokwenda, kwa hiyo mkisimama kusafisha kiti watoto watasikia Kiluhya kila upande. Mkubwa atauliza swali la haki kabisa: kwa nini tusishukie hapa, kama watu wanaongea kama Kukhu? Ukiwa umeshika kitambaa kilicholowa, utashindwa kupata sababu.

Baada ya Kangemi, anayejifunza kusoma ataanza kusoma mabango, na mapema sana atakuuliza Waiyaki ni nani. Unaweza kusema hujui, lakini kwa kuwa mmesimama, mwambie. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa huku Kabete na Dagoretti. Mwaka 1890 alifika Mwingereza mmoja, Lugard, akajenga ngome Dagoretti kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, na mwaka uliofuata ikajengwa nyingine, Fort Smith, hapa Kabete. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilikuwa ikisimama huku kutafuta chakula kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. (Kumbe tangu enzi hizo hapa ndipo msafiri anapogundua kwamba chakula kimekwisha.) Waiyaki alielewana nao mwanzoni, kisha wakakosana, na 1892 walimkamata Fort Smith wakamsafirisha kuelekea pwani. Alifia njiani, Kibwezi.

Garini patakuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu Museum Hill. Utajiona mwalimu hodari. Kisha sauti itatoka nyuma: “Kwani hakuwaambia anataka choo, halafu akatoroka?” Na nyingine: “Mimi nataka choo.”

Choo huombwa dakika moja baada ya kupita kituo cha mafuta, kamwe si kabla. Shemeji na Probox wameshapitiliza, kaka anawasha taa za kuuliza kuna nini, na madereva wote wa Waiyaki Way wanakupigia honi ukijaribu kuingia pembeni. Washushe wote watatu, anayetaka na asiyetaka. Asiyetaka ataapa mbele ya shangazi kwamba hana haja. Mkishafunga mikanda yote, atakuwa nayo.

Kuhusu katuni sitasema mengi. Bando litaisha Uthiru, chaji itaisha Kinoo.

Mkipita Gitaru hewa itabadilika, baridi ya Limuru itaanza kupenya kwenye vioo, na kuna uwezekano mmoja mmoja ataanza kusinzia. Usiseme chochote. Usimwangalie. Wazazi wengi wameharibu kazi ya asubuhi nzima hapo Sigona kwa kunong'ona “wamelala.”

Rironi ndiyo hiyo. Simamisheni msafara kando ili mbishane, maana hapa barabara zinagawanyika na kila dereva ana imani yake. Kaka atataka njia ya juu, Limuru na Kinale, yenye ukungu na karoti za Soko Mjinga. Shemeji atataka ya chini, Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, waliojenga pia kile kikanisa kidogo cha 1942 chini ya mteremko. Atadai anataka kuwaonyesha watoto historia, kumbe anawaza mahindi ya kuchoma pale kwenye kingo za bonde. Mpeni nafasi aseme. Ni saa tisa alasiri, hakuna cha kuharakia.

Simu italia katikati ya ubishi. Ni Kukhu. Wewe, kama kila mwana aliyelelewa vizuri, utamwambia mmeshapita Nakuru na Timboroa inaonekana. Utakuwa umesahau kwamba simu imeunganishwa na spika za gari, na kwamba aliyeamka sasa hivi ni yule anayejifunza kusoma, na kwamba mbele yake kuna bango kubwa.

“Kukhu, shikamoo! Hapa pameandikwa Ri-ro-ni.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umesoma vizuri. Mwambie baba yako asiendeshe mbio, kuku bado anatembea uani.”