Kadi Mia Tatu

Sardarji, bosi wangu, alinituma mimi kwa sababu moja tu: nilikuwa nimekaa. Mafundi wote walikuwa chini ya magari, na karani wa gereji, machoni pa watu wa spana, hana kazi. "Nenda River Road uniletee sampuli za kadi za harusi," akasema. "Nzuri, lakini si za bei ya wazimu."

Binti yake alikuwa anaolewa. Nami miaka kumi na miwili nimeandika risiti za gereji ile na kula chapati za nyumba ile, kwa hiyo nilijiona nusu Kalasinga. Tena kadi ya harusi ni kitu gani? Zetu nazijua. Karatasi moja, ua pembeni, majina mawili, jina la kanisa, na chini kabisa namba ya M-Pesa. Nikaahidi kurudi kabla ya chai ya saa nne.

Nilirudi saa nane, jasho linanitoka, na mfuko wa sampuli. Mwamuzi hakuwa Sardarji. Alikuwa Biji, mama yake, aliyeletwa gereji makusudi akakalishwa kwenye kiti cha wateja. Biji alizaliwa Kibwezi, baba yake mtu wa reli, na Kikamba chake kinanishinda mimi niliyezaliwa Machakos. Ukimwona anakuangalia juu ya miwani, unakumbuka madeni yako yote.

Nikatoa ile niliyoipenda mwenyewe: nyekundu, nakshi za dhahabu, na mbele tembo ameketi vizuri na mikono yake minne.

"Huyu ni nani?" akauliza Biji.

"Ni tembo, Biji."

"Ni Ganesh. Wahindu wanaanza naye mambo yao, na ni sawa kabisa, ni wao. Sisi ni Masingasinga. Miaka kumi na miwili unakula chapati yangu!"

Ya pili ilikuwa nyeupe tupu, ya kisasa, karatasi nene kama ngozi. Akaishika kwa vidole viwili. "Nani amekufa?" Nyeupe, kumbe, kwao ndiyo rangi ya msiba. Ya tatu ilikuwa nyeusi yenye fedha. Hiyo hakuigusa. Aliisukuma kwa kasha la miwani mpaka ikaanguka upande wangu wa meza.

Ya nne haikuwa kadi. Lilikuwa sanduku. Unafungua kifuniko, unakuta droo. Unavuta droo, unakuta vyumba vinne vya kuwekea ladoo. Chini ya vyumba ndipo penye karatasi zenyewe. Mtu akikuletea ile huwezi kuiweka juu ya televisheni, televisheni utaiweka juu yake. Biji alitabasamu kwa mara ya kwanza. Sardarji aliuliza bei, akazidisha kwa mia tatu kichwani, akaenda kusimama nje kidogo.

Wakaafikiana kwenye ya tano: rangi ya damu ya mzee, bila sanduku, lakini yenye kurasa za ndani. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kadi zao ni nene. Harusi si siku moja. Kuna maiyan, siku ya kumpaka bibi harusi manjano, ambayo mtu wa pwani akiiona ataiita singo na kuomba sehemu yake. Kuna jaggo, usiku ambao akina mama wanazunguka na vyungu vyenye taa vichwani, wakiimba kwa nguvu ili asilale mtu mtaani. Halafu Anand Karaj, ndoa yenyewe, asubuhi, gurdwara, nyumba yao ya ibada, ambapo maharusi wanaizunguka mara nne Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu. Halafu sherehe ya jioni. Kila shughuli na ukurasa wake, na kila ukurasa na mjomba mwenye maoni.

Maneno ya Kipunjabi yaliletwa kwa barua pepe na binamu aliyeko Uingereza. Mchapishaji akatoa nakala ya kukagua. Sardarji alikuwa na injini mkononi, kwa hiyo nikaenda mimi. Upande wa Kiingereza nilisoma kama mkaguzi wa mitihani. Nikakuta koma imekosekana, nikaidai. Upande wa Kipunjabi, juu kabisa palikuwa na alama hii: <>. Chini yake: AnMd kwrj.

Nikatikisa kichwa kwa heshima. Nikajiambia, lugha za watu bwana, zina irabu chache. Nikatia sahihi.

Mtakaosema ningeuliza, mna haki. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba zipo fonti za zamani za Kipunjabi ambazo kila herufi yake imekalishwa juu ya herufi ya Kizungu. Kompyuta yenye fonti ile inakuonyesha "Anand Karaj" kwa herufi zao nzuri zinazoning'inia kama nguo kwenye kamba. Isiyo nayo inakupa kilicho chini: AnMd kwrj. Na ile <> ilitakiwa kuwa Ik Onkar, kwamba Mungu ni mmoja, neno linalotangulia kila kitu. Mimi nilikuwa nimewaalika watu mia tatu kwa jina la ndogo kuliko na kubwa kuliko.

Sardarji alifungua boksi mbele ya mafundi. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Biji akaipokea. "Hii kwrj," akasema taratibu, "ni namba ya gari la nani?"

Zikachapwa upya, na mchapishaji akakubali kubeba nusu ya gharama baada ya kuilaumu fonti kwa saa nzima. Shida ikawa zile mbovu. Gerejini kwetu karatasi haina maisha marefu: inafunga nati, inapangusa mafuta, inawasha jiko la chai. Fundi mmoja alishaanza kuchana. Biji akapiga ukelele. Kadi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani. Inapelekwa gurdwara, ichomwe kwa heshima.

"Lakini Biji," nikasema, nikijaribu kuokoa jiko, "jina lenyewe halikutoka. Ni alama za hesabu tu."

Akageuza kadi upande wa Kiingereza. Pale, kwa herufi safi, na koma niliyoidai mimi, palikuwa na "Waheguru".

Basi boksi likakaa ofisini kwangu likisubiri safari ya gurdwara. Lisiwe sakafuni. Lisiwe karibu na viatu. Wavuta sigara wasiingie, na hivyo nikapoteza wageni wangu wote. Mahali pekee pa juu palikuwa kabatini, palipokaa chupa yangu ya chai, kwa hiyo chupa ikashuka.

Wiki mbili kabla ya harusi Biji alipita gereji kugawa mialiko, kila fundi na kadi yake na ladoo mbili kwenye kikaratasi. Mimi alinifikia mwisho. Alipanda kiti mwenyewe, akakataa kushikwa mkono, akafungua lile boksi la juu ya kabati na kunichagulia moja.

"Hii yako," akasema. "Ni wewe peke yako unayejua kuisoma."